Gia za Taimingi za Injini ya Dizeli ya Boti: Mwongozo Kamili wa Kuzielewa, Kuzikagua na Kuzifunga Upya

Mtu anayevuka kutoka Mokowe kuingia mji wa Lamu, au anayepita mlango wa bahari wa Mkanda kuelekea Faza na Kizingitini, huwa ameyaweka maisha yake juu ya injini moja iliyofichwa chini ya mbao za chombo. Gari likizimika, dereva hulisogeza kando ya barabara akasubiri msaada. Injini ya boti ikizimika kwenye mlango wa bahari wakati wa kusi, mawimbi huanza kukisukuma chombo kwenye mwamba hata kabla mabaharia hawajashika makasia. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kuandika kwa urefu juu ya sehemu ambayo mafundi wengi wa pwani yetu huifunga kwa mazoea tu, nayo ni gia za taimingi.

Mwongozo huu unahusu injini za dizeli za mipigo minne zinazofungwa ndani ya mashua na boti. Mashine za kuning'inizwa nyuma zenye mipigo miwili hazina gia hizi wala kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, kwa kuwa pistoni yenyewe ndiyo inayofunua na kuziba matundu ya silinda. Mashine za kuning'inizwa za mipigo minne kwa kawaida hutumia mkanda wa mpira wenye meno au mnyororo mahali pa gia, lakini hesabu yake ni ileile nitakayoieleza hapa.

Kazi ya gia hizi

Mpangilio wa mipigo minne, ambao Nikolaus Otto aliufanikisha katika injini yake mwaka 1876 na ambao Rudolf Diesel aliutumia katika injini iliyofaulu mwaka 1897, unaitaka pistoni isafiri mara nne ili kazi moja ikamilike. Kwanza hushuka ikivuta hewa. Kisha hupanda ikiigandamiza. Dizeli hupulizwa na kuwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Mwisho hupanda tena ikiutoa moshi. Safari hizo nne ni mizunguko miwili kamili ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), yaani nyuzi 720. Katika mizunguko hiyo miwili kila vali hufunguka mara moja tu, na nozeli, yaani mdomo unaopuliza dizeli ndani ya silinda, hupuliza mara moja tu. Ni lazima basi kamshafti inayofungua vali, na pampu ya nozeli inayosukuma dizeli, zizunguke kwa nusu ya mwendo wa krankshafti, bila kupungua wala kuzidi hata kidogo, saa zote injini inapofanya kazi.

Injini inapokwenda kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, krankshafti huzunguka takriban mara 33 kwa sekunde, na kila vali hufunguka na kufunga zaidi ya mara 16 katika sekunde hiyohiyo. Aliyewahi kushika kamba kutweka foromali ya jahazi anajua kwamba watu kumi wanaovuta pamoja hulipandisha tanga, ilhali watu kumi wanaovuta kila mmoja kwa wakati wake hujichosha bure. Gia za taimingi ndizo zinazozifanya pistoni, vali na nozeli zivute pamoja.

Hesabu ya meno

Nusu hiyo hupatikana kwa kuhesabu meno. Ikiwa gia ya krankshafti ina meno 24, ile ya kamshafti itakuwa na meno 48, na ya pampu ya nozeli vilevile 48. Idadi hizi hutofautiana kati ya injini na injini, lakini uwiano wa mbili kwa moja haubadiliki. Nitatumia 24 na 48 katika mwongozo mzima ili msomaji aweze kuifuata hesabu kwa kalamu yake.

Gia mbili zinazogusana huzunguka kinyume. Katika injini nyingi, krankshafti na kamshafti ziko mbali mno kugusana, kwa hiyo huwekwa gia ya kati baina yake. Gia hii ya kati haibadilishi uwiano hata kidogo, iwe na meno mangapi. Inachofanya ni kupokea meno 24 upande mmoja na kuyatoa meno 24 upande wa pili, na kuifanya kamshafti izunguke upande uleule wa krankshafti. Lakini idadi ya meno yake ina jambo moja muhimu ambalo limewachanganya mafundi wengi, nami nitalirudia mbele.

Sasa ijulikane thamani ya jino moja. Gia ya kamshafti yenye meno 48, ikikaa kando kwa jino moja, imekosea nyuzi 7.5 za kamshafti. Kwa kuwa krankshafti huzunguka mara mbili, kosa hilo ni nyuzi 15 za krankshafti. Tuchukue mfano wa injini ambayo vali ya kuingiza hewa hufunguka nyuzi 15 kabla pistoni haijafika kilele, na kufunga nyuzi 45 baada ya kupita kitako, yaani mahali pa chini kabisa pa mwendo wake. Vali ya moshi nayo hufunguka nyuzi 45 kabla ya kitako na kufunga nyuzi 15 baada ya kilele. Vali hazifungwi pale pale pistoni inapogeuka kwa sababu hewa nayo ina uzito na mwendo: ikishaanza kuingia huendelea kuingia kwa kasi yake, na moshi ukishaanza kutoka huivuta hewa mpya nyuma yake. Kamshafti ikichelewa kwa jino moja, vali ya hewa itafunga nyuzi 60 baada ya kitako, pistoni ikiwa tayari imeanza kupanda na kuirudisha hewa nje. Mgandamizo hupungua, na injini ya dizeli isiyo na mgandamizo wa kutosha haipati joto la kuwasha mafuta.

Kwa upande wa pampu, injini iliyokusudiwa kupuliza nyuzi 16 kabla ya kilele itapuliza nyuzi 31 kabla, gia yake ikiwahi kwa jino moja, na hapo itagonga kama nyundo na huenda ikarudi kinyume wakati wa kuwashwa kwa mkono. Ikichelewa kwa jino moja, itapuliza nyuzi 1 tu kabla ya kilele. Itatoa moshi mweupe, haitakuwa na nguvu, na bomba la moshi litachemka kupita kiasi. Katika injini ambazo pistoni hufika karibu sana na vali, kosa la meno machache zaidi huzigonganisha, pushirodi, yaani vijiti vinavyosukuma vali, zikapinda na vali zikavunjika.

Meno yenyewe

Gia za taimingi huwa za chuma kilichotiwa ugumu au chuma cha kalibu. Meno yaliyonyooka ni rahisi kuyafunga lakini hulia. Meno ya mshazari huingiana polepole kwa hiyo ni tulivu, ila huisukuma shafti mbele au nyuma, na ndiyo maana kamshafti huwekewa bamba la kuizuia isisogee. Ukiikuta shafti inacheza mbele na nyuma kupita kiasi, kagua bamba hilo kabla ya kuilaumu gia. Tena, gia ya mshazari inayosogea mbele huwa pia imezunguka kidogo, kwa hiyo mchezo huo wa shafti huivuruga taimingi yenyewe.

Maji ya bahari, adui wa kwanza

Gia iliyofungwa vizuri na kupata oili safi huweza kudumu umri wote wa injini. Kwetu Lamu sababu kubwa inayozimaliza mapema ni maji ya chumvi, nayo huingia kwa njia ambayo fundi aliyejifunza kwenye magari hawezi kuitarajia.

Katika injini nyingi za boti, pampu inayovuta maji ya bahari kwa ajili ya kupoza imefungwa juu ya kasha la gia za taimingi na huendeshwa na gia hizohizo. Shafti yake ina sili mbili: moja inazuia maji, nyingine inazuia oili. Kati ya sili hizo, chini ya mwili wa pampu, pana kitundu kidogo kilichotobolewa kwa makusudi. Sili ya maji ikichoka, maji hudondoka nje kupitia kitundu hicho badala ya kuvuka sili ya pili na kuingia kwenye oili. Kitundu kinachodondosha maji ya chumvi ni onyo la mapema. Kinachodondosha oili kinaonyesha kwamba sili ya upande wa pili ndiyo iliyokwisha.

Nimeona vyombo ambavyo kitundu hiki kimezibwa kwa kijiti au kwa gundi, kwa sababu mwenye chombo alichukizwa na maji yaliyodondoka ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Nimeona vingi zaidi ambavyo chumvi yenyewe imekauka na kukiziba. Matokeo ni mamoja: maji hukosa njia ya nje, huivuka sili ya pili, na kuingia kwenye kasha la gia. Oili hugeuka rangi ya maziwa, meno hupata kutu usiku chombo kinapolala, na asubuhi kutu hiyo husagwa pamoja na oili na kupelekwa kwenye kila beringi. Namsihi kila nahodha akisafishe kitundu hicho kwa waya mwembamba kila mwezi, na asikizibe kwa hali yoyote. Sili mbili ni rahisi mno ukilinganisha na seti ya gia, na gia zenyewe mara nyingi hungojwa kutoka Mombasa chombo kikiwa kimekaa.

Dalili, na ukaguzi kabla ya kufungua

Dalili za gia zilizochoka ni mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo wa injini, au mgongano wa chuma unaosikika zaidi injini inapokwenda polepole na kupotea ikibebeshwa mzigo. Dalili za taimingi iliyokosewa ni injini kuwa ngumu kuwaka, moshi mweupe usiokwisha hata ikipata moto, kugonga, na kukosa nguvu. Lakini dalili hizi za pili hufanana na za nozeli mbovu, hewa kwenye mafuta, na mwanya wa vali uliovurugika. Anza na hayo matatu. Kufungua kasha la taimingi ni kazi ya siku nzima na zaidi, na haifai kuanzwa kwa kubahatisha.

Upo ukaguzi mmoja unaoweza kufanywa kwa kufungua kifuniko cha vali peke yake, nami nauthamini kuliko mwingine wowote. Hakikisha kwanza kwamba mwanya wa vali umepimwa na kurekebishwa kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Kisha izungushe krankshafti kwa mkono hadi silinda ya kwanza ifike kilele baina ya kutoa moshi na kuvuta hewa. Hapo roka (mkono unaobonyeza vali) moja huwa inainuka huku nyingine ikishuka, na katika injini ya mfano wetu vali zote mbili huwa wazi kidogo kwa kiasi kinachokaribiana. Ukikuta vali ya hewa imefunguka sana na ya moshi ndiyo kwanza imefunga, kamshafti imewahi. Ukikuta ya moshi bado iko wazi sana na ya hewa ndiyo kwanza inaanza kufunguka, kamshafti imechelewa. Kosa la jino moja huonekana wazi kwa macho. Kwa injini ambayo kitabu chake kinatoa nyuzi zisizolingana, linganisha na nyuzi hizo, si na mfano wangu.

Maandalizi

Usifungue kabla gasketi, sili ya mbele ya krankshafti na oili mpya havijafika mkononi. Panga kazi ifanyike chombo kikiwa juu ya mchanga. Wakati mzuri ni kukipandisha siku za bamvua, maji yanapojaa juu kabisa, ili maji mafu yanayofuata yakuachie siku kadhaa za kufanya kazi pasipo kutikiswa. Wengi wetu huifanya kazi hii miezi ya kusi, vyombo vingi vinapokuwa vimepumzika.

Vifaa vinavyohitajika ni spana za kawaida pamoja na spana ya torki, pula ya gia, fila geji ya kupimia mianya, daili geji (kipimo chenye mshale) yenye stendi ya sumaku, tochi, rangi nyeupe na brashi ndogo, na vitambaa safi visivyotoa nyuzi. Osha gia kwa dizeli safi peke yake, na usiache kipande chochote kilichooshwa kilale usiku bila kupakwa oili, kwa maana upepo wetu wa bahari huleta kutu kabla ya alfajiri.

Tenganisha betri. Nimetaja jambo hili peke yake kwa kuwa stata ikiguswa kwa bahati mbaya wakati mkono uko kati ya meno, vidole havitarudi.

Hatua ya kwanza: kukitafuta kilele

Kazi yote hupimwa kutoka mahali pamoja, yaani kilele cha silinda ya kwanza ikiwa katika mgandamizo. Izungushe krankshafti daima kuelekea upande inakozunguka inapofanya kazi. Ukipita alama kwa bahati mbaya, irudishe nyuma robo ya mzunguko kisha uijie tena kutoka upande wake sahihi, ili mlegeo wa meno uwe umevutwa upande mmoja wakati wote. Usipofanya hivyo utakuwa unapima mlegeo badala ya taimingi.

Kuutambua mgandamizo si vigumu. Katika injini ya silinda nne yenye mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa kwenye kilele cha mgandamizo, roka za silinda ya nne ndizo zitakazokuwa zikipishana. Katika injini ya silinda moja, tazama vali zake zenyewe: pistoni inapopanda baada ya vali ya hewa kufunga, na zote mbili zikabaki zimefungwa hadi juu, hicho ndicho kilele unachokitaka.

Alama iliyopigwa kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito la mwisho wa krankshafti, kwa kawaida hutosha. Ikiwa imefutika kwa kutu, au unaishuku kwamba flaiwili iliwahi kufungwa vibaya, kitafute kilele mwenyewe. Usijaribu kukisia mahali ambapo pistoni imesimama, kwa kuwa ikikaribia juu, krankshafti huzunguka nyuzi kadhaa pistoni ikiwa karibu haisogei, na jicho haliwezi kuamua. Toa nozeli, na ikiwa tundu lake linaelekea moja kwa moja kwenye pistoni, ingiza ncha ndefu ya daili geji hadi iguse. Zungusha mpaka geji isome, tuseme, milimita 2 chini ya mahali pa juu, upige alama kwenye flaiwili. Endelea mpaka pistoni ipite juu na kushuka tena milimita 2, upige alama ya pili. Kilele ni katikati kabisa ya alama hizo mbili. Pistoni husogea haraka zaidi katika sehemu hizo mbili, kwa hiyo kipimo huwa cha uhakika.

Hatua ya pili: kufungua

Funga krankshafti isizunguke, ufungue nati ya puli na kuivuta puli kwa pula. Usiigonge kwa nyundo, kwa kuwa pigo huenda moja kwa moja kwenye beringi. Fungua bolti za kasha ukizipanga kwenye kipande cha boksi kilichochorwa umbo la kasha, kwa sababu mara nyingi zina urefu tofauti, na bolti ndefu ikifungwa mahali pa fupi huweza kutoboa au kuizuia gia. Kasha likitoka, ziba kwa kitambaa nafasi inayoelekea kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Nati iliyoanguka humo itakulazimisha kuishusha sampu, na katika boti hilo huweza kumaanisha kuiinua injini nzima.

Sasa, kabla hujagusa gia yoyote, tafuta alama za kiwanda. Kwa kawaida ni nukta, tarakimu au herufi: jino lenye 0 la krankshafti huingia kati ya meno mawili yenye 0 ya gia ya kati, 1 hukutana na 1 kwa kamshafti, na 2 kwa 2 kwa pampu. Zikikutana zote, vizuri. Zisipokutana, soma sehemu inayofuata kabla ya kuamua kwamba kuna kosa. Katika hali zote mbili piga alama zako mwenyewe kwa rangi nyeupe mahali ambapo kila gia inagusana na nyingine, kisha piga picha kwa simu.

Alama zisizokutana

Wakati mmoja niliitwa kijijini Matondoni na fundi kijana aliyekuwa amekesha juu ya injini ya mashua. Alikuwa amezifunga gia alama zote zikiwa zimekutana, akazungusha krankshafti mara mbili ili ajihakikishie, akakuta alama za gia ya kati zimekwenda mahali pengine kabisa. Akaamini kwamba amekosea, akafungua, akafunga tena, akazungusha, akakuta hali ileile. Alikuwa ameirudia kazi hiyo mara nne, na kila mara ilikuwa sahihi.

Hapa ndipo idadi ya meno ya gia ya kati inapohusika. Tuseme ina meno 37. Krankshafti ikizunguka mara mbili hupitisha meno 48, lakini gia ya kati hukamilisha mzunguko wake kwa 37, kwa hiyo itakuwa imetangulia kwa meno 11. Krankshafti na kamshafti zitakuwa zimerudi mahali pake sahihi, ila alama za gia ya kati zitakuwa kwingine. Kwa kuwa 24 na 37 hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1, gia ya kati haitakutana na alama ya krankshafti mpaka mzunguko wa 37, na hapo kamshafti itakuwa nusu ya njia. Alama zote zitakutana tena kwenye mzunguko wa 74. Watengenezaji hawakufanya hivyo kumtesa fundi. Idadi ya namna hiyo hufanya kila jino likutane kwa zamu na kila jino la gia jirani, ili uchakavu usambae badala ya kula mahali pamoja.

Kwa hiyo hesabu meno ya gia ya kati ya injini yako na uandike. Ukishafunga, zungusha mara mbili, utazame kwamba kilele kimerudi, kwamba roka zinapishana mahali panapotakiwa, na kwamba alama ya gia ya kati imesogea kwa idadi ya meno uliyoipata kwa hesabu hiyo, kama yale 11 ya mfano wetu. Mtu akiwa na subira anaweza kuzungusha mara 74, na mara moja nimefanya hivyo mbele ya mwenye chombo aliyekuwa na mashaka.

Hatua ya tatu: kukagua

Kabla ya kuzitoa gia, pima plei, yaani mwanya ulioko kati ya meno. Simamisha ncha ya daili geji juu ya ubavu wa jino, ishike gia moja isisogee, utikise nyingine. Katika injini ndogo kipimo kizuri huwa ni sehemu ndogo ya milimita, na kikomo chake hutolewa na kitabu cha injini husika. Kisikopwe kutoka injini nyingine. Pima mahali panne kuzunguka gia. Plei ikiwa kubwa mahali pote, meno yamekwisha au bushi ya gia ya kati, yaani pete ambayo gia huzungukia, imelegea. Ikiwa kubwa mahali pamoja na ndogo pengine, gia haikukaa sawasawa au shafti imepinda.

Bushi ya gia ya kati ndiyo huchoka kwanza, kwa sababu inabeba msukumo wa pande mbili. Tazama kama tundu lake la oili liko wazi. Tundu likizibwa, gia mpya zitakwisha kama zile za zamani, na kazi yote itakuwa imepotea.

Kisha tazama meno kwa tochi. Ubavu unaong'aa sawasawa ni wa kawaida. Vishimo vidogo kama vya uso wenye ndui, ncha zilizochongoka, ufa kwenye mzizi wa jino, au rangi ya samawati inayoonyesha kwamba chuma kilipata moto na kupoteza ugumu wake, vyote vinataka gia itolewe. Kagua pia kii inayoifunga gia kwenye shafti. Kii iliyolika huiacha gia izunguke kidogo juu ya shafti yake, na hapo alama za meno zitaonekana kamili ilhali taimingi imekosewa. Gia moja ikiwa mbovu, ni bora kubadilisha pia ile inayogusana nayo, kwa kuwa jino jipya likisagana na la zamani huiga ubovu wake.

Hatua ya nne: kufunga

Gia za krankshafti mara nyingi hukaa kwa kubana sana. Ipashe gia mpya moto ndani ya sufuria ya oili au juu ya bamba la chuma hadi nyuzi 150 za Selsiasi au kidogo zaidi, vaa glavu nzito, na uisukume kwa mkupuo mmoja hadi mwisho bila kusita, kwa maana ikishika njiani itapoa na kukwama. Moto wa gesi usielekezwe kwenye meno hata kidogo. Kwenye injini ambazo kitabu kinaagiza njia nyingine, kitabu kifuatwe.

Weka silinda ya kwanza kwenye kilele cha mgandamizo, kamshafti na pampu zikiwa zimeelekezwa karibu na alama zake, kisha ingiza gia ya kati mwisho. Kwa meno ya mshazari, gia huzunguka kidogo inapoingia. Anza nusu ya jino kando ili ifike kwenye alama ikishakaa. Jambo hili huwashinda wengi mara ya kwanza, nalo halihitaji nguvu bali kurudia taratibu. Paka oili kila jino na bushi. Kaza bolti kwa kipimo cha torki kilichoagizwa, na ikiwa zinatumia bati la kufungia, weka jipya. Pampu ambayo gia yake ina mashimo marefu ya bolti huruhusu kurekebishwa kwa nyuzi chache bila kubadilisha meno. Irudishe pale pale palipokuwa na alama yako ya rangi.

Hatua ya tano: kuzungusha kwa mkono, kisha kuwasha

Nozeli zikiwa zimetolewa, zungusha injini kwa mkono mizunguko isiyopungua minne. Ikigoma mahali popote, simama hapo hapo. Mgomo wa ghafla, mgumu, una maana kwamba vali imegusa pistoni au bolti imegusa gia. Nguvu ya ziada itapinda kitu. Fanya tena ukaguzi wa roka niliouelezea, kisha ndipo ufunge kasha, sili mpya ikiwa imepakwa oili kwenye mdomo wake, na uhakikishe kwamba kitundu cha pampu ya maji kiko wazi.

Rudisha nozeli, weka oili mpya, toa hewa kwenye mafuta, unganisha betri. Zungusha kwa stata mafuta yakiwa yamekatwa, mpaka geji ya oili ipande. Ndipo uwashe, na kwa dakika kumi za kwanza usikilize bila kuongeza mwendo. Kelele za gia mpya zinapaswa kuwa sawasawa; mlio unaopanda na kushuka ndani ya kila mzunguko huonyesha gia isiyokaa sawa.

Chombo kisivuke kwenda Mokowe na abiria siku hiyo. Kipelekwe kwanza ndani ya mkondo ulio mbele ya mji, karibu na nanga na msaada, kwa saa moja au mbili. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili utazame kama rangi yake imebaki safi, pima tena mwanya wa vali, na uandike katika daftari la chombo tarehe, idadi ya meno ya kila gia, plei uliyoikuta na uliyoiacha, na mzunguko ambao alama zote hukutana, ili fundi atakayefungua kasha hilo baada yako asianze kwa kukisia.